Deni la Mtazamaji

Ziko furaha ambazo mtu huzipata pasipo kuulizwa bei, na kwa kuwa hakuulizwa, hudhani kwamba hazina bei. Kutazama bahari ni moja katika furaha hizo. Alaye tunda la shamba la mwenziwe hujua kuwa amekula. Tawi limepungua, na mwenye shamba akipita ataona. Lakini atazamaye kisiwa toka pwani, au akizungukaye kwa miguu kutwa nzima, akaona miamba na ndege na maji yabadilikayo rangi kwa kila wingu lipitalo, hurudi kwake akiamini kuwa amekiacha kisiwa kama alivyokikuta. Hakuchukua kitu, hakudhuru mtu, hadaiwi. Katika insha hii nataka kuuliza kama imani hiyo ni ya haki. Kwa sura swali hili ni dogo, lakini kadiri nilivyolitafakari niliona kuwa limebeba ndani yake swali jingine lililo zito zaidi: ni nani aliyelipa ili mimi nione?

Kwetu ni Temeke. Nalilelewa katika nyumba ya miti na udongo, ambayo kuta zake mama alizipaka chokaa upya kila mwaka sikukuu ilipokaribia. Bahari haikuwa mbali nasi, lakini pwani tuliyoijua sisi watoto wa Temeke ilikuwa pwani ya kazi: bandari na makuli wake, mikoko na tope lake huko Mtoni, na wanawake wenye vikapu waliookota chaza maji yalipopwa. Kwamba katika bahari iyo hiyo, upande wa Kinondoni, viko visiwa visivyokaliwa na watu, vyenye mchanga mweupe na vijia vipitavyo chini ya mibuyu, tulisikia kama watu wasikiavyo habari za nchi ya ng'ambo. Nalikuwa mtu mzima, mwalimu mwenye wanafunzi, nilipotia mguu wangu Bongoyo kwa mara ya kwanza. Safari ya maili chache ilinichukua zaidi ya miaka thelathini kuimaliza.

Yafaa msomaji asiyeijua pwani hii apewe picha yake. Bongoyo iko mbele ya rasi ya Msasani. Kaskazini yake kuna Pangavini, kisha Mbudya inayokabili Kunduchi, na baada yake Fungu Yasini, ambalo kama jina lake lisemavyo ni fungu la mchanga. Karibu na mlango wa bandari, na mbele ya Kigamboni, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Temeke, kuna Makatumbe, Kendwa na Sinda mbili. Visiwa vinne vya kaskazini vilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 1975 kwa kanuni zilizowekwa chini ya sheria ya uvuvi. Mwaka 1994 ikatungwa sheria maalumu ya hifadhi za bahari, na mwaka 2007 visiwa vya kusini vikaongezwa. Jiwe la visiwa hivi ni matumbawe ya kale, ambayo zaidi ya miaka laki moja iliyopita yalikuwa hai chini ya maji. Kwa hiyo atembeaye juu yake hatembei juu ya jiwe tu. Atembea juu ya mifupa ya viumbe waliojenga kisiwa bila kujua kuwa wanajenga.

Nalikwenda siku moja ya kaskazi, bahari imetulia. Mwenye mashua alikuwa mzee wa Msasani, mvuvi tangu utoto, ambaye sasa riziki yake ilikuwa kuvusha watu wapendao kutembea. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwalimu. Karibu chomboni." Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliketi penye usukani akitazama maji mbele yetu kama mtu anayesoma barua aliyokwisha kuisoma mara nyingi.

Tulipofika aliniongoza kwa kijia kiingiacho kichakani. Mawe yake ni makali kama meno ya msumeno, na mizizi ya miti imejipenyeza katika kila ufa kutafuta udongo usiojaa hata kiganja. Tukapita chini ya mibuyu, tukatokea upande unaopigwa na mawimbi, na hapo nikasimama. Bahari imelila jiwe kwa chini mpaka ukingo wa kisiwa umekaa kama uyoga, kichwa kipana juu ya shina jembamba. Maji yalikuwa yanapwa. Katika bamvua, bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na saa ile ya kushuka ilikuwa inatufunulia sakafu yake: vidimbwi vyenye samaki wadogo wa rangi ya buluu, viti vya pweza vilivyotulia mchangani, na majani ya bahari yaliyolala upande mmoja. Ng'ambo nikaona majumba marefu ya mjini na miti ya Msasani. Temeke haikuonekana. Nikajisemea kuwa huu ni utajiri usio na mwenyewe, na kwamba Mungu ameutandaza kwa kila mwenye macho.

Hapo ndipo nilipoinama nikaokota kombe, zuri, lililosokotwa kama kilemba, nikalitia mfukoni ili nikawaonyeshe wanafunzi wangu.

Mzee akaniuliza, "Mwalimu, nikuulize neno?"

"Uliza, mzee wangu."

"Mimi nikiteremsha mshipi hapa tuliposimama, nitaitwa mwizi. Sheria imekataza. Na kombe hilo nalo sheria imelikataza. Basi wewe waitwaje?"

Nikaona haya, na kama watu wengi waonao haya, nikatafuta hoja. Nikamwambia kuwa kombe lilikuwa tupu. Mwenyewe alikwisha kufa, na kitu cha maiti asiye na mrithi si cha mtu. Mzee akacheka. Akanionyesha mchangani kaa mdogo aliyekuwa akijikokota na kombe kuukuu mgongoni, limevunjika ukingo. "Huyu," akasema, "hazaliwi na nyumba. Hungoja mwenye kombe afe, ndipo ahamie. Akikua, hutafuta jingine kubwa. Wewe umeichukua nyumba kabla mpangaji hajafika."

Nimelieleza jambo hili kwa urefu si kwa sababu kombe moja litaangamiza bahari. Nimelieleza kwa sababu katika maneno machache mzee yule alivunja hoja niliyokuwa nikiitegemea maisha yangu yote, yaani kwamba kitu nisichomwona mwenyewe hakina mwenyewe. Basi na tuzipime hoja ambazo mtazamaji huweza kujitetea kwazo, moja baada ya moja, tuone ipi itasimama.

Hoja ya kwanza ni kwamba kutazama hakupunguzi. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uwezo wa kuhukumu, alifundisha kuwa furaha ya uzuri wa kweli ni ile isiyochanganyika na haja. Mwenye kusema kuwa kitu ni kizuri kwa sababu chamfaa, hajasema juu ya uzuri, amesema juu ya faida yake. Mafundisho haya yana ukweli mwingi. Mtu anayemtazama samaki akapenda mwendo wake katika maji yu katika hali nyingine na mtu anayemtazama akapima uzito wake. Lakini na tuulize: ni nani awezaye kumtazama samaki pasipo haja? Ni mtu aliyekwisha kula. Utulivu wa jicho langu pale Bongoyo haukuwa fadhila yangu. Ulikuwa matokeo ya mshahara wangu. Mzee wa mashua aliyajua maji yale kwa namna nyingine. Alijua changu hupita wapi na chewa hujificha wapi, na ujuzi huo, ulio wa ndani kuliko wangu, ulikuwa umefungiwa mlango. Ikiwa tutasema kwamba jicho lisilo na haja ndilo safi, tutakuwa tumesema kwamba usafi ni wa walioshiba, na wenye njaa ni wachafu kwa sababu ya njaa yao. Sidhani kuwa mtu mwenye haki aweza kukubali hivyo.

Tena jicho halisafiri peke yake. Huja na miguu, mashua, nanga, chakula na masalio yake. Nanga moja iliyotupwa vibaya huvunja tumbawe, na tumbawe kubwa la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Lililofikia kimo cha kiuno cha mtu lilianza kukua zamani, kabla sisi hatujazaliwa, na laweza kuanguka kwa uzembe wa nusu dakika. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya vitu vionekanavyo, kutazama hupunguza.

Hoja ya pili ni ya mtu wa mjini: nimelipa. Nalitoa nauli ya mashua, nalitoa ada ya kiingilio, nikapewa stakabadhi. Kwa nini nidaiwe tena? Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa maana ada hulipa walinzi, na pasipo walinzi hifadhi ni neno tu lililoandikwa katika karatasi. Na kwa miaka mingi baada ya 1975 hifadhi zile zilikuwa hivyo hasa. Lakini tofauti iko baina ya bei ya kupita na thamani ya kile kilichoachwa. Sheria ilipokataza kuvua pale, wako watu waliopungukiwa: wavuvi wa Msasani, wa Kunduchi, wa Ununio, ambao baba zao walitweka tanga kwenda maji yale yale. Watu hao hawakuuza kitu. Ilipasa tu waache. Uzuri nilioutazama umesimama juu ya kujizuia kwao, kama nyumba isimamavyo juu ya msingi uliozikwa. Mwenye stakabadhi yangu ni mwenye mlango. Mwenye msingi hakupewa kitu na mtu aliyesimama juu yake, wala hakuulizwa jina.

Na fedha ina kosa jingine. Humfungulia mwenye nayo na kumfungia asiye nayo, pasipo kuuliza ni nani anayependa zaidi au aliyekaa karibu zaidi. Mtoto wa Mbagala anayetaka kukiona kisiwa hiki hana budi kupanda magari mawili au matatu hata Msasani, kisha alipe mashua, kisha alipe kiingilio. Kwa wazazi wengi jumla ya hayo ni chakula cha nyumba nzima. Mtoto huyo atakua akiambiwa kuwa visiwa ni urithi wake, naye hatauona urithi ila katika picha. Urithi wa namna hiyo hufanana na chakula cha ndotoni.

Hoja ya tatu ni kali zaidi, na mara nyingi husemwa na watu wapendao bahari kwa moyo. Husema: mvuvi hatudai kitu, kwa kuwa yeye ndiye mharibifu. Na kweli ushahidi upo. Tangu miaka ya 1960 wako watu katika pwani yetu waliovua kwa baruti, ambayo kwa mlio mmoja huua samaki mkubwa na kifaranga chake na kuvunja nyumba ya wote wawili. Wataalamu waliotumia vyombo vya kusikilizia chini ya bahari mwaka 2015 waligundua kuwa sehemu kubwa ya milio hiyo ilitoka karibu na Dar es Salaam. Ilipungua baadaye serikali ilipotia mkono wenye nguvu. Mvuvi wa baruti hakopi kwa jirani tu, hukopa kwa mjukuu wake mwenyewe pasipo nia ya kulipa. Simtetei.

Siku ile, tulipokaa kivulini tukingoja maji yarudi, mzee mwenyewe aliniambia jambo ambalo sikumwuliza. Alisema kwamba katika ujana wake hakupiga baruti, lakini aling'oa matumbawe. Yeye na wenzake waliyachimbua kwa mtaimbo maji yalipopwa, wakayajaza ngalawani, wakayauza kwa wenye matanuri, yakachomwa yakawa chokaa. "Mji ulitaka kuwa mweupe, mwalimu," akasema. "Sisi tulikuwa tukiupelekea weupe wake."

Nikanyamaza. Katika moyo wangu naliona ukuta wa nyumba yetu Temeke, na mama ameshika burashi ya kumbi, na sisi watoto tumekatazwa kuuegemea mpaka ukauke. Furaha yangu ya kwanza ya uzuri, kabla sijajua kusoma, ilikuwa weupe ule asubuhi ya sikukuu. Sasa nilijua uliweza kutoka wapi. Mwamba uliong'olewa mbele ya Kinondoni uliweza kuwa umepakwa katika ukuta wa Temeke, nami niliyekuja kuhuzunikia mwamba nalikuwa nimelala usiku elfu chini ya ukuta wake.

Na jambo hili si la chokaa pekee. Mchanga wa mito ishukayo kuingia baharini upande wa Kunduchi na Mbezi ulichotwa miaka mingi kwa ajili ya kujengea nyumba za mji. Mto usipoleta mchanga, pwani hukosa chakula, na mawimbi huanza kuila nchi. Hoteli ya Africana, iliyojengwa upande huo ili wageni watazame bahari, iliachwa baada ya bahari kuisogelea na kuila. Sasa jina lake limebaki kuwa jina la mahali. Aliyejenga ili atazame, na aliyechota mchanga ili ajenge, walikuwa wakivuta shuka moja kutoka pande mbili.

Hapa msomaji aweza kusema: ikiwa kila mtu ana hatia, basi hakuna mwenye hatia, na tuache mazungumzo. Huu ndio mtego mkubwa katika habari hii, na yatupasa kuuruka kwa uangalifu. Deni la wengi si deni la hakuna. Watu kumi wakila katika sinia moja, kila mmoja atawajibika kwa tonge zake, na aliyekula nyingi hawezi kujificha nyuma ya aliyeonja. Mpiga baruti ana lake, na ni kubwa. Mchimba matumbawe ana lake. Mnunuzi wa chokaa ana lake. Na mtazamaji, ajaye mwisho wakati sinia imekaribia kuwa tupu na kusema, "Tazama jinsi sinia ilivyo nzuri," naye ana lake. Tofauti yake na wengine ni moja tu: wao walijua kuwa wanakula.

Kwamba sinia yaweza kuwa tupu si maneno ya kutisha watoto. Mbele ya Pangani kulikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Maziwe, chenye mivinje, na kasa wengi walipanda pale kutaga mayai yao. Miti ilikatwa, na wachunguzi hutaja pia mabadiliko ya bahari yenyewe. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimekwisha kuwa fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Lakini kasa hawajui habari za wachunguzi. Hurudi mahali walikotagiwa wao, wakafukia mayai yao katika mchanga ambao bahari itauzamisha. Kwa hiyo watu wa pwani ile wamefanya kazi ya kuyafukua mayai kwa taratibu na kuyahamishia ufukweni Ushongo, ili yaanguliwe pakavu. Kila nikikumbuka kazi hiyo huona kuwa ni jibu la swali letu lililo bora kuliko hoja zangu zote. Watu wale hawakusema kwamba kisiwa hakikuuawa na wao peke yao. Hawakungoja hesabu ya nani alikata mti upi. Waliona yai litakalozama, wakaliondoa.

Basi mtazamaji alipe nini, na amlipe nani? Nadhani neno tunalolihitaji lipo katika lugha yetu tangu zamani, nalo ni amana. Amana si mali, kwa kuwa huwezi kuitumia upendavyo. Si zawadi, kwa kuwa itarudi. Aliyewekewa amana ana haki ya kuitazama, kuitunza, hata kuifurahia. Hana haki ya kuipunguza wala ya kuwaficha wenyewe. Mwaka 1961, katika mkutano wa Arusha, Julius Nyerere alitangaza kwa niaba ya Tanganyika iliyokaribia uhuru kwamba wanyama wa porini ni dhamana iliyo mikononi mwa wananchi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Watu waliposikia waliwaza juu ya tembo na simba. Lakini tumbawe nalo ni mnyama, ingawa hana ngurumo, na amana iliyo chini ya maji si ndogo kwa sababu haionekani barabarani.

Mwenye kuelewa hivi ataona kuwa amewajibika kwa mambo matatu. La kwanza ni kujizuia, nako kumuanzie yeye kabla ya kumdai mvuvi. Haifai mwenye shibe amhubirie mwenye njaa juu ya samaki ilhali mfuko wake una kombe. La pili ni kujua. Kutazama pasipo kujua ni kupita. Atembeaye kisiwani yampasa kujua majina ya vitu na ya watu wa mahali pale, jinsi maji yapandavyo na ya nini mwamba hufa. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa. Mtazamaji asiyejua angeweza kusimama juu ya weupe ule akausifu, kama nilivyousifu mimi weupe wa ukuta wetu. La tatu ni kufungua njia, ili wenye amana waione.

Juu ya hili la tatu yako mambo ya aibu na yako ya kutia moyo. Katika Kinondoni ziko sehemu ndefu za pwani ambapo mtembea kwa miguu hukutana na ukuta baada ya ukuta, asisikie bahari ila kwa mlio. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu katika mita 60 toka bahari, lakini kuta hazisomi sheria. Kwa upande wa pili kuna Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, ambacho mwamba wake umehifadhiwa tangu mwaka 1994. Huko waliokuwa wavuvi walifanywa walinzi wa mwamba, na watoto wa shule za Unguja huletwa kuuona bila malipo, wakafundishwa majini penyewe. Fedha za wageni ndizo zigharimiazo. Hapo mtazamaji mwenye mfuko humlipia mtazamaji asiye nao, na mvuvi hakufukuzwa mlangoni bali amepewa ufunguo. Hii haifuti deni, lakini huligeuza kutoka siri kuwa mapatano.

Najua kuna pingamizi moja lililobaki, nalo ni zito. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Ikiwa tutawafungulia wote njia ya Bongoyo, Bongoyo haitakuwapo. Kujizuia na kufungua njia hupingana. Atakaye kimoja atapoteza kingine. Nakiri kuwa sikulipata jibu la pingamizi hili katika vitabu. Nililipata kwa wavuvi. Katika Kisiwa Panza, huko Pemba, wavuvi wamewahi kupatana kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa, mtu yeyote asiuguse, kisha kuufungua siku moja kwa wote. Hawakusema kwamba mwenye fedha aingie na asiye nazo akae nje. Walisema kwamba sasa hakuna, na kesho sote. Hiyo ndiyo zamu. Kisiwa kidogo hakiwezi kuwatosha watu wengi kwa mara moja, lakini chaweza kuwatosha kwa zamu, na tofauti baina ya zamu na bei ndiyo tofauti baina ya haki na bahati. Mji unaojua kugawa maji ya kisima kwa foleni hauwezi kudai kuwa haujui kugawa uzuri.

Jioni ile, kabla hatujaondoka, nalirudi kwa kijia kile kile mpaka mahali nilipoinama, nikaliweka kombe mchangani. Sikumwambia mzee, naye aliponiona nikirudi mikono mitupu hakuuliza. Maji yalikuwa yakijaa na sakafu ya bahari imeanza kufunikwa. Sijui kama yule kaa alilipata kombe, ama lilichukuliwa na wimbi. Kwa muda nalihuzunika kwamba sitajua, kisha nikaona kuwa katika amana si lazima arudishaye ashuhudie furaha ya apokeaye.

Mwaka uliofuata nalikwenda tena, safari hii na wanafunzi kumi na wawili wa Temeke, baada ya kuchanga kwa miezi saba. Mzee alituvusha kwa nauli ya nusu. Wengi wao hawakuwa wamepata kupanda chombo. Tulipotokea ng'ambo ya kichaka, penye jiwe lililolilwa na mawimbi, walinyamaza wote, kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, ni nani mwenye mahali hapa?"

Miaka iliyopita ningemjibu upesi, "Ni petu sote," na jibu hilo lisingekuwa uongo, lakini lingekuwa jepesi mno. Nikamwomba amwulize mzee. Mzee alifikiri, akawaambia juu ya baba yake na juu ya tanga, juu ya mtaimbo na chokaa, na juu ya mwaka waliokatazwa. Alizungumza mpaka maji yakageuka. Watoto walisikiliza wakiwa wameketi juu ya jiwe, na siku ile hapana hata mmoja aliyeokota kitu.